Msitu Ni Amana, na Amana Huandikwa

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wananchi mjini Tabora)



Tumewaita leo tuzungumze jambo moja, nalo ni msitu. Wapo watakaouliza: mbona chama kinaacha habari za bei ya tumbaku na za barabara, kikaja kutuhubiria miti? Twawajibu kwamba hatukuja kuhubiri miti. Tumekuja kuzungumza ardhi, na chama kisichozungumza ardhi mbele ya wakulima si chama cha wakulima. Asiyekuwa na ardhi hana uhuru, hata akiwa na bendera.

Sisi watu wa Unyamwezi tumekulia njiani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia katika pori la Mgunda Mkali, kisha Tura, Rubuga na Kigwa, hata ikafika hapa Unyanyembe. Kutoka hapa tawi moja lilikwenda Urambo na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na jingine likaelekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Wageni walioandika vitabu juu ya njia hii ni wengi. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857. Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, na tembe lile hata leo watu huenda kulitazama. Katika vitabu vyao mzungu ndiye asafiriye, na mpagazi Mnyamwezi anafuata nyuma na mzigo wake. Lakini twajua kwamba babu zetu walizijua njia za pwani kabla ya wageni hao, na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi, ulibebwa kwa mabega yao.

Tunalotaka mlikumbuke leo ni hili: msafara ule ulilishwa na msitu. Maji ya visima, kuni za jioni, miti ya kujengea boma la usiku, asali, uyoga, dawa za homa, nyama ya porini, vyote vilitoka msituni. Pasipo msitu, njia ile isingepitika. Na humo humo njiani mali yetu ikatoka. Pembe za ndovu zilitoka, nta ilitoka, na ndugu zetu walitoka wakiwa na minyororo shingoni. Kila aliyekuja alichukua. Hakuna aliyeuliza mwenye mali ni nani.

Je, mwenye mali hakuwapo? Alikuwapo. Kwa desturi za wazee wetu, mzinga ulikuwa wa mtu na pori lilikuwa la wote. Aliyetundika mzinga wake juu ya mtundu au mninga aliheshimiwa mzinga wake, na aliyeurina bila ruhusa aliitwa mwizi mbele ya wazee. Lakini hakuna aliyesema, mti huu ni wangu, nitauuza kwa mgeni. Vichaka walimozikwa watemi havikuguswa kwa shoka. Huo ulikuwa udhamini. Haukuandikwa kwenye karatasi, lakini kila mtu aliujua.

Basi tazameni alilofanya mkoloni. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola lao. Na kwa macho yao, ardhi yenye mwenyewe ilikuwa ile yenye nyumba juu yake au shamba linalolimwa. Pori la asali likawa halina mwenyewe. Shamba lililopumzishwa likawa halina mwenyewe. Malisho ya kiangazi yakawa hayana mwenyewe. Kwa amri moja, mali ya watu ikageuka mali ya mfalme wa Ulaya ambaye hakupata kuiona.

Waingereza nao, kwa sheria yao ya ardhi ya mwaka 1923, wakasema ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Gavana. Lilikuwa neno zuri, lakini umma haukumchagua Gavana na haukuweza kumwondoa. Amana bila mtu wa kumwuliza mdhamini si amana. Wameru walilijua hilo mwaka 1951, walipofukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka 1952 Ndugu Japhet Kirilo akasafiri mpaka Umoja wa Mataifa kulalamika kwa niaba yao. Hakupata ardhi siku ile, lakini nchi nzima ilisikia.

Kwa hiyo TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, habari ya ardhi haikuwa ngeni. Mwaka 1958, mwaka ule ule wa mkutano mkuu wa TANU hapa hapa Tabora, serikali ya kikoloni ilitaka kuanzisha umilikaji wa ardhi wa kununua na kuuza. Mwalimu Nyerere aliyapinga hayo katika maandiko aliyoyaita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi, hata mtoto anaielewa: mtu ana haki ya jasho alilolitia katika ardhi, lakini ardhi yenyewe hakuiumba. Ikiuzwa kama nguo, maskini watauza kwanza, na wajukuu wao watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji ule wa daima waliokuwa nao wageni wachache ukafutwa.

Leo tunazo Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, nazo zilianza kutumika mwaka 2001. Zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya raia wote. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, na wenye amana ni wanakijiji. Tena Halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano wa Kijiji haujakubali. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Mwenyekiti wa kijiji si mwenye ardhi. Yeye ni mfano wa mtu aliyeachiwa mbuzi wa jirani aliyesafiri. Anaweza kuwachunga, anaweza kuwanywesha maji, lakini akimchinja hata mmoja atajibu.

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe lililotuleta hapa. Katika Sheria Na. 4 kuna maneno machache ambayo kila kijiji chenye msitu kinapaswa kuyajua. Sheria inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, yaani ile isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, inaongeza kwamba imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haikuyaandika maneno hayo, na wanasheria wamebishana sana juu yake. Lakini mkulima hana haja ya kungoja mabishano yaishe. Aulize tu: pori letu la asali, mbele ya mtu anayelitaka, litaitwaje? Linatumika, au halitumiki? Haina nyumba, haina tuta la viazi. Atasema, pale pamelala bure.

Mwaka 1895 yalisemwa maneno yayo hayo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mwaka 1895 hatukuwa na njia ya kujibu, leo tunayo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake katika ardhi yake, kuutangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kuutungia sheria ndogo, kuuchagulia kamati, na mapato yake kubaki kijijini. Msitu uliotengwa hivyo hauwezi tena kuitwa ardhi iliyolala. Una kazi, na kazi yake imeandikwa. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Walisema juu ya duka, nasi twasema ni vivyo hivyo kwa msitu.

Ndugu zangu, neno hifadhi halipokelewi vizuri katika masikio ya watu wengi wa mkoa huu, na tusijifanye hatujui sababu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa nchi ya magharibi kutoka maporini na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, kwa ajili ya ugonjwa wa malale unaoletwa na ndorobo. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Lakini nchi waliyoiacha ilijaa miti na ndorobo, na sehemu kubwa baadaye zikawa misitu ya serikali na mapori ya wanyama. Mtu aliyehamishwa akiwa mtoto alikua akiambiwa kwamba makaburi ya babu zake yamo ndani ya mpaka asioruhusiwa kuuvuka.

Chukueni mfano wa Ugalla. Ugalla ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1965. Kwa miaka mingi warina asali na wavuvi waliingia humo kwa kibali, wakati wa kiangazi, wakatoka na asali, nta na samaki. Mwaka 2019 Ugalla ikawa hifadhi ya taifa, na sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu kutundika mzinga wala kutega samaki. Hatusemi kwamba Ugalla isilindwe. Maji ya mto ule yanakwenda kwenye Malagarasi, na ya Malagarasi yanakwenda Ziwa Tanganyika. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi ilitambuliwa na mataifa mwaka 2000 kuwa ni mali ya kulindwa kwa faida ya dunia nzima. Mwalimu mwenyewe, pale Arusha Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alikiri mbele ya mataifa kwamba wanyama wa porini na mahali wanapoishi ni amana mikononi mwetu. Ahadi ile ilikuwa ya haki, nasi tunaishika.

Lakini tunasema wazi: amana ina pande mbili. Mrina asali aliyeingia Ugalla kwa kibali, akatunza moto wake, akatoka, yeye naye alikuwa mlinzi. Anapofungiwa mlango, ni lazima apate pori jingine la kutundikia mizinga. Pori hilo litatoka wapi, kama siyo katika msitu wa kijiji chake? Na kama kijiji kimeshauza msitu wake gunia kwa gunia la mkaa, atakwenda wapi? Kwa hiyo kila hifadhi ya serikali inayofungwa inaongeza thamani ya msitu wa kijiji. Huu ndio ulio mikononi mwetu. Huu hatuwezi kumlaumu mtu mwingine ukiisha.

Tena tuseme ukweli juu ya nani anayeumaliza. Si mgeni peke yake. Mwaka 1947 wakoloni walileta mradi wa karanga Urambo, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea. Walikata miti kwa matrekta, karanga hazikuota walivyotarajia, na mwaka 1951 mpango ukavunjika. Baada ya karanga ikaja tumbaku. Tumbaku imesomesha watoto wengi wa mkoa huu na imejenga nyumba za bati, hatutaitukana. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye bani kwa kuni, na kuni zinatoka msituni. Shamba likichoka baada ya misimu michache mkulima anafyeka jipya. Mkulima anakatwa mara mbili: bei anapangiwa na mwingine, na msitu unaolipia bei hiyo ni wa watoto wake. Kuni za bani hazionekani katika hesabu ya mnunuzi. Anazilipa nani? Mnazilipa ninyi.

Kuna mkaa unaokwenda mijini. Kuna mninga unaokatwa usiku na kupita barabarani alfajiri. Kuna makundi ya ng'ombe yanayoingia kutoka nchi zilizokwisha malisho. Na hao wenye ng'ombe ni ndugu zetu, Watanzania wenzetu, si adui, lakini kundi lisilopangiwa mahali huleta ugomvi. Na tuseme hata juu yetu warina asali: mzinga wa gome hutaka kuvuliwa mti gome lake kuuzunguka, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mtu anayeua mti mmoja ili atundike mzinga juu ya mti wa pili anakula mtaji wake.

Wapo watakaosema msitu ukishakwisha hauwezi kurudi. Twende jirani, Shinyanga. Huko miti ilifyekwa ili kuua ndorobo, kisha ikafyekwa kwa pamba, mpaka watu wakaifananisha nchi na jangwa. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, ukaendelea hadi mwaka 2004. Mpango huo ulianza na desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo iyapate wakati wa njaa. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zikitambulika zilikuwa hekta 600 hivi. Mpango ulipokwisha zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize. Nguvu ilikuwa wapi? Ilikuwa katika kijiji. Ngitili nyingine zilikuwa za mtu mmoja mmoja, nyingine za kijiji kizima, na walinzi walikuwa wenyeji chini ya sheria za kimila. Miti ilirudi kwa sababu watu walijua itakuwa yao itakaporudi.

Kusini yetu, mkoani Katavi, vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimetenga misitu yao, nao hulipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kuiacha misitu imesimama. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Hatusemi kila kijiji kikimbilie biashara hiyo. Mikataba ni mirefu, na mkataba usiosomwa ni mtego. Kijiji kisitie saini ila umesomwa kwa Kiswahili mbele ya Mkutano. Lakini tazameni: hakuna kijiji kinachoweza hata kukaa mezani kuzungumza bei kama mpaka wa msitu wake haujulikani.

Basi tufanye nini? Kwanza, kijiji kipate cheti chake cha ardhi, na mipaka ikubaliwe na majirani. Ugomvi wa mpaka ukiachwa, ndiyo nafasi ya mchukuaji. Pili, Mkutano wa Kijiji ukae kupanga matumizi ya ardhi: wapi tutalima, wapi tutachunga, wapi patakuwa msitu. Tatu, msitu uandikwe, utangazwe, upate mpango wa matumizi na sheria ndogo, na sheria hizo zipelekwe Halmashauri ya Wilaya zipate nguvu. Nne, kamati ichaguliwe na isomewe hesabu hadharani: faini ngapi, vibali vingapi, fedha zimekwenda wapi. Kamati ambayo hesabu yake haisomwi ni mtemi mpya asiye na kiti, na watemi tuliwaondolea mamlaka mwaka 1963.

Tano, akina mama wawemo katika kamati, tena si kwa kuhesabiwa tu. Anayekwenda kuni na kutafuta uyoga na maji ndiye wa kwanza kuona msitu unapungua. Mwanamume huambiwa baadaye. Sita, tuache mzinga wa gome, tutumie mizinga ya mbao na ile ya magogo ya miti iliyokwisha anguka. Hapa Tabora tuna Chuo cha Nyuki. Vijana wetu waende wakajifunze, kisha warudi vijijini. Asali ni zao ambalo halitaki kuukata msitu. Mwenye mizinga mia moja ana sababu mia moja za kuuzima moto wa kichaa.

Tunasikia swali la vijana: wazee mmekula, sasa mnatufungia msitu, sisi tutalima wapi? Ni swali la haki, na hatutalijibu kwa kukemea. Kijana anayefyeka msitu leo anapata ardhi kwa misimu michache, kisha inachoka, naye anahama kufyeka kwingine. Atafika mahali hakuna kwingine. Kumpa kijana ardhi ya kweli ni kumpa shamba lenye hati ya kimila katika sehemu iliyopangwa kulimwa, mbolea, na soko linalomlipa haki. Kumpa msitu aumalize ni kumnyamazisha kwa mkopo anaoulipa mwanawe. Kwa hiyo kijiji kinachotenga msitu bila kuwapangia vijana mashamba kimefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo itavunjwa usiku kwa shoka. Mambo haya mawili yaamuliwe katika mkutano mmoja.

Na wako watakaotuambia kwamba haya ni kazi ya serikali. Serikali ina misitu yake na walinzi wake. Lakini mlinzi mmoja hawezi kulinda pori la siku mbili za mwendo, ila wanaoishi pembeni mwake wawe upande wake. Wanaoishi pembeni watakuwa upande wake siku watakapoona wana fungu lao. Hapo ndipo tunapowaomba viongozi wa serikali nao watusikie: msitupe kazi ya ulinzi bila kutupa haki ya mwenye mali.

Ndugu wananchi, reli ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya misafara ikaishia hapo. Miembe mikubwa ya njia ile ingaliko mahali pengi. Wapagazi walikula maembe wakatupa kokwa, nasi tunakaa kivulini. Hawakujua majina yetu. Sisi tuna msitu uliosimama, tuna sheria, tuna Mkutano wa Kijiji, na tunajua majina ya watoto wetu. Mkirudi nyumbani, msingoje kuitwa. Mwulizeni mwenyekiti wa kijiji swali moja: msitu wetu umeandikwa wapi? Akiwaonyesha, asomeni pamoja. Asipokuwa na cha kuwaonyesha, ombeni mkutano uitishwe, na jambo hili liwe la kwanza katika shughuli za siku hiyo.

Uhuru na Kazi!